Duara la Sitini

Mshale wa mizani ulitulia kwenye kilo sitini kamili. Msimamizi wa pambano akatikisa kichwa.

"Sitini ndiyo mwisho, mwalimu. Hupigani leo."

Mwanahawa, aliyefundisha hesabu asubuhi na kupiga ngumi jioni, hakushuka mizanini. Wiki nzima alikuwa ameshindia matango. Akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa bukta, akachora mstari ukutani kando yake, akaandika 57 upande mmoja na 60 upande wa pili.

"Kanuni yenu inasemaje, kaka?"

"Uzito uzidi hamsini na saba, na usizidi sitini."

"Kwa hiyo hamsini na saba yenyewe haimo." Akachora duara hapo, akaliacha tupu. Kisha akachora jingine penye sitini. "Na hii?"

Msimamizi akafungua karatasi yake, akasoma kimoyomoyo, akarudia. "Usizidi," akanong'ona. Akaichukua chaki mkononi mwa Mwanahawa, akaanza kulijaza lile duara taratibu, kama mtu anayepaka hina.

Wote walikuwa wakitazama ukutani. Mwanahawa peke yake ndiye aliyeinamisha macho, akauona mshale, chaki ikiwa imemtoka mkononi, umerudi nyuma kiduchu, upana wa unywele, chini ya sitini.

Akamwacha msimamizi amalize kulijaza duara.