Joho na Mkomamanga

Liwali Mundhiri alikuwa akimwagilia mkomamanga wake wakati mjumbe wa Sultani alipoingia uani na joho jipya. Joho lilikuwa na maana moja tu: funga virago, umepewa mkoa mwingine.

"Safari hii wapi?" mkewe, Bi Zuwena, aliuliza kutoka barazani.

"Mpakani, bibi," mjumbe akajibu.

"Basi masanduku yako tayari. Sijayafungua tangu tufike. Nimechoka kukunja na kukunjua kama dobi."

Liwali akautazama mti. Kila mji alipanda mkomamanga, na kila mji matunda yaliliwa na liwali aliyemfuata. Huu ulikuwa umechanua asubuhi ile.

"Vaa, Bwana Liwali," mjumbe akamsihi. "Desturi unaijua. Usipolivaa hujapokea amri, nami siruhusiwi kuondoka."

"Naijua. Najua pia kwamba likishavaliwa, hakuna anayeruhusiwa kulivua ila Sultani mwenyewe."

Akalichukua joho, akauvisha mkomamanga, akipitisha matawi mikononi mwa joho moja moja. Kisha akaokota ndoo.

"Bi Zuwena, fungua masanduku. Na mgeni mtandikie kitanda."

Mjumbe akapiga magoti, kama ilivyompasa mbele ya yeyote aliyevaa joho la Sultani. Ukosini lilichungulia ua jekundu.