Posa Nje ya Kizingiti

Siku ya posa ya binti yangu Saumu, taa ya mlangoni kwangu iliamka nyekundu, taa ya mdaiwa. Idara ya maji ilikuwa imenibambikia bili ya kiwanda cha sabuni, mimi mwenye bomba moja! Na sheria ndiyo hiyo: ukiingia nyumba yenye taa nyekundu, nawe benki haikukopeshi.

Mimi, ambaye sebule yangu haijawahi kukosa watu! Nilipiga simu idarani tangu asubuhi. Sauti ya mashine ikanijibu kwa adabu: "Mama, kosa tumeliona. Subiri."

Wageni wakafika, wakaiona taa, wakaganda barazani.

"Ingieni jamani, hiyo bili si yangu!"

Mshenga akakohoa. "Tunakuamini, dada. Ila kijana wetu anasubiri mkopo wa nyumba."

Majirani walijaa madirishani, wanakula umbea wa bure. Nikatandika mkeka barazani, nikawa nawapitishia sahani za pilau juu ya kizingiti kama mama ntilie, uso unaniwaka. Nikamwita Saumu aje abebe sharubati. Kumbe keshatoka zamani. Yuko mkekani na wakwe, sahani mapajani, hanitazami.

Alasiri taa ikageuka kijani. Vigelegele! Watu wakamiminika ndani wakinipongeza, kana kwamba kuna deni nimelipa.

Saumu alikuwa wa mwisho. Alisita mlangoni, akainua macho kuihakiki taa, ndipo akasema, "Hodi, mama."