Saa ya Ofisi

Karani Sekwao alikuwa anashusha dirisha Mwanaheri alipoingia mbio na rufaa yake. Isipopokelewa leo kabla ya saa tisa, nyumba yake itavunjwa kesho.

"Tumefunga, mama. Ni saa tisa na dakika mbili," alisema Sekwao, akionyesha saa ya ukutani.

"Bado dakika sita!" Mwanaheri alimwinulia mkono wenye saa. "Hii hairekebishwi na mtu. Kila siku inapokea mawimbi ya redio kutoka mnara wa mlimani, kwenye saa kuu ya nchi, inajiweka sawa yenyewe. Hiyo yako nani kaiweka?"

"Hapa tunafuata saa ya ofisi."

"Saa ya ofisi ndiyo inivunjie nyumba?"

Alipanda kwenye benchi na viatu vyake vya matope, akaitoa saa ukutani na kuibwaga mbele ya karani. Kisha akapenyeza mkono dirishani na kuwasha redio ndogo ya karani iliyokuwa mezani.

"Ni saa nane na dakika hamsini na tano," alisema mtangazaji.

Sekwao aligonga muhuri bila kuinua macho. Mwanaheri alinyakua nakala yake, hakushukuru.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi alisimama, akasogea dirishani.

"Jana ulinirudisha na rufaa yangu," alisema. "Ukasema nimechelewa dakika tatu. Nilichelewa kweli, mwanangu?"

Mwanaheri aligeuka mlangoni, akarudi kusimama kando yake. Sekwao alikuwa bado ameshika muhuri.