Mkono Usiotibiwa

Siku hizi zahanati inaunga mfupa kabla chai haijapoa, na sheria haitambui jeraha ambalo hakimu halioni kwa macho. Ndiyo maana mume wangu Mbaruku amenivunja mkono tena na tena, na hajafungwa hata siku moja.

Safari hii nilikataa kutibiwa, nikamshtaki. Mama mkwe akaja kunisihi.

“Nenda ukaungwe, mwanangu. Unamtesa mwenzio.”

Nilikuwa nasonga ugali kwa mkono mmoja, sufuria nimeibana kwa miguu.

Leo hakimu ameahirisha kesi hadi mwezi ujao. Niliporudi nyumbani nilijaribu kukunja vidole, vikakunjika bila maumivu. Mfupa ulikuwa unajiunga wenyewe; mwezi ujao hakimu hataona kitu.

Nikamwita dada yangu Zamaradi, nikamwonyesha mchi nyuma ya mlango, nikamnyooshea mkono ule ule. Akaanza kulia kabla sijasema neno.