Mgongo wa Mama

Alipiga chafya ya uongo ili kuficha mlio wa kifuniko cha chupa.

"Mafua hayo, mwanangu?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Vumbi tu, mama."

Kapsuli mbili nyekundu zikateremka bila maji. Akairudisha chupa kabatini vilevile alivyoikuta, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha mama. Kukaa hakuweza. Siku hizi kila alipokuwa, mguu mmoja ulikuwa ndani na mwingine nje.

"Mgongo unasemaje?"

"Umenikaba, baba. Hata kujigeuza ni kazi." Mama alikuwa amelala chali, shuka mpaka kidevuni. Kucha zake zilikuwa na weupe kidogo, kama mtu aliyetoka kujipaka poda. "Umekula lakini?"

Swali hilo likamchoma. Dawa ilikuwa ya mama. Muuguzi, jirani yao, aliileta kila Jumatatu, naye mwana kila mchana alitoka kazini kuja "kumjulia hali" mgonjwa na kumwibia nafuu yake. Ajabu ni kwamba chupa haikuwahi kuisha kabla ya Jumatatu.

Dawa hizo za maumivu alizianza miaka miwili nyuma, alipoanguka kutoka kwenye ngazi akichora bango. Mfupa uliunga, hamu ikabaki. Siku mwenye duka la dawa alipomfukuza mbele za watu, alirudi nyumbani akatetemeka siku tatu mfululizo, mama akimpangusa jasho. Wiki hiyohiyo mgongo wa mama ukaanza. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alipoiona ile chupa kabatini, alimshukuru Mungu.

Alirudi kazini, kwenye lango la shule, akapanda ngazi. Zilibaki herufi tano za bango. Akachovya brashi, akavuta mstari bila rula. Ukanyooka.

"Fundi!" mwalimu mkuu alimwita kutoka chini. "Mwezi uliopita ulituandikia herufi zinacheza ngoma. Leo vipi?"

"Leo zimechoka, mwalimu."

Mwalimu alicheka. Yeye hakucheka. Ni kapsuli, aliwaza. Ndizo zinazonishika mkono, na mwenye kapsuli yuko kitandani anaugulia.

Herufi ya pili hakuimaliza. Alishuka, akaanza kutembea, kisha akakimbia, rangi imemkaukia vidoleni. Nitetemeke, nizimie, leo nitamwambia. Njia nzima alijizoeza: Mama, mwizi wa dawa yako ni mimi. Mama, nisamehe, sitagusa tena.

Alipitia uani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na ndani mtu alikuwa akiinua ndoo iliyojaa maji, kwa mkono mmoja, akiitua juu ya meza.

Mama.

Alijifuta mikono, akaketi karibu na muuguzi. Kati yao palikuwa na bakuli la unga na rundo la kapsuli nyekundu zilizofunguliwa. Mama alichukua moja, akaijaza kwa ncha ya kijiko, akaifunga.

"Wiki ya tatu hii hakuna dawa hata chembe," alisema. "Unga mtupu. Na ngazi anapanda."

"Na huo mgongo wako, dada," muuguzi aliuliza, "utapona lini?"

Mama alipuliza unga vidoleni, akachukua kapsuli nyingine.

"Akipona yeye."