Mraba wa Katikati

Jéthro alikandamiza kidole gumba chake, chenye kovu la kisu na mafuta ya maandazi ya beignet, katikati ya plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Akakiondoa. Hakuna kilichoonekana.

Kanuni ya kwanza aliyomfundisha Tamar, alipokuja kwenye karakana yao ya kuchapa vipimo vya umeme hapa Butembo, ilikuwa hii: plastiki hupanguswa kwa alkoholi, kisha haiguswi. Wino wenye unga wa fedha hukimbia mafuta, na pasipo wino umeme haupiti.

Sasa kipimo cha unyevu wa kakao kilichochaguliwa kwenda kujaribiwa Beni kilikuwa cha Tamar. Wote waliusifu mchoro wake. Aliyemfundisha kuchapa hakutajwa na mtu.

Tamar aliingia, akamwita kama kaka yake mkubwa: "Yaya, ulimaliza kupangusa plastiki?"

"Nilimaliza. Endelea tu."

"Bon. Ikiharibika, batu ya Beni nitabaambia ni weye ulinifundisha mubaya." Akacheka.

Aliuvuta wino juu ya kitambaa cha kuchapia kilichofunika plastiki, mara moja tu, kwa mkono thabiti, kama Jéthro mwenyewe. Kisha akainua kitambaa.

Mistari yote ilitoka safi. Lakini kwenye mraba wa katikati wino ulikuwa umejitenga, ukaacha umbo la yai lenye mikunjo myembamba sana, na ufa mmoja ukiikata mikunjo hiyo kwa mshazari.

Tamar aliutazama ule ufa kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa kuume wa Jéthro, akaugeuza kiganja juu.