Mtenda na Mtendwa

Kichwa kikiwa ndani ya friji bovu, Fundi alikuwa anamtukana baba yake kwa Kirusi, na alikuwa anakosea.

"Hapo una watenda wawili na hakuna aliyetendwa," daktari wa meno alimwambia huku akipanga koleo zake. "'Ya' ni wewe ukitenda. Ukitendwa unakuwa 'menya'. Rudia."

Akarudia.

Friji lilikuwa la kliniki, la kuhifadhia dawa za ganzi. Daktari alikuwa amesoma kwa Warusi, na Fundi alipolitengeneza mara ya kwanza hakutaka ujira, alitaka lugha. Wala si lugha nzima. Alitaka ya kumtosha kumpa mtu mmoja vidonge vyake.

Fundi alikuwa binti pekee wa mkunga mstaafu. Mama yake alikwenda kusomea ukunga hukohuko Urusi, akaolewa na Mrusi, akarudi na mtoto mgongoni bila mume. Alichosimulia kilikuwa kifupi: baba yako alitufungia mlango theluji ikianguka. Watoto wa mtaani walimwita Fundi "Theluji" kwa weupe wake, na kila alipoitwa hivyo alimkumbuka mtu aliyempa rangi akamnyima malezi. Alikua na kinyongo hicho kama wenzake walivyokua na kaka.

Sasa daktari, kwa kuulizauliza watu aliosoma nao, alikuwa amempata. Yu hai, alisema, lakini mgonjwa, na anaishi peke yake. Akampa Fundi namba ya simu.

Fundi aliona saa yake imefika. Dawa ya moto ni moto.

Mama hakulipenda jambo hilo. Alisema Kirusi chote kimeshamtoka, hawezi kumsaidia hata neno moja, kisha akamsihi: "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Nimelifunika tangu nizaliwe, mama. Nimechoka."

Kilichomtesa ni viwakilishi. Kwa Kiswahili mimi ni mimi, nipige nisipige. Kirusi kilimgeuza kila alipojitikisa: ya, menya, mnye. Majina nayo yalikuwa vilevile. Mama akitenda ni "mama". Akitendwa ni "mamu".

"Na usidanganywe na aliyetangulia," daktari alimwonya. "'Ribu ukrala koshka.' Samaki katajwa kwanza, lakini aliyeiba ni paka. Tazama mkia wa neno, huo ndio unaosema nani katenda."

Jumapili alasiri Fundi aliketi kitandani kwa mama yake, akapiga simu na kuiweka kwenye spika. Alitaka wasikie pamoja kisasi chao kikilipwa. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai asichokinywa.

Ikaitikia sauti ya mzee, kavu kama karatasi. Fundi alijitaja ni nani, kisha hakumpa nafasi hata ya kushusha pumzi.

"Ti brosil menya i mamu."

Ulinitelekeza mimi na mama. Hakukosea mkia hata mmoja. Akamalizia kwa lile alilolifanyia mazoezi kichwa kikiwa ndani ya mafriji ya watu: na afe hivyohivyo, peke yake.

Fundi alisikia pumzi ya mzee ikikwama, na ile raha aliyoingojea tangu utoto ikampanda kifuani. Alitamani angeuona na uso wake. Kisha akasikia kwikwi, akatabasamu, akamtazama mama yake watabasamu wote. Mama alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo mzee akajibu, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusema.

"Tebya u menya ukrala mama."

Fundi alianza kuyafungua maneno moja moja. Tebya: wewe, uliyetendwa. U menya: kutoka kwangu. Ukrala: aliiba. Hajafika mwisho, mama yake alikuwa ameshaweka kikombe chini na kujifunika uso kwa viganja.

Mzee akalirudia neno la mwisho, na mkia wake haukubadilika.

"Mama."